Kijito cha Mama Bailleur

Siku niliyohamia kwake, Mama Bailleur alinionyesha choo, akanionyesha bomba, halafu akanionyesha upande ambao nyumba ingeangukia. Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyotumia kuniambia kwamba bomba hutoa maji asubuhi tu.

"Siku itaanguka, itaanguka huku, ku jikoni. Wewe chumba yako iko huku ingine. Donc hapana kuogopa, Prof. Utapata wakati ya kuvaa suruali."

Nilikuwa nimetoka Kindu, nimepewa kazi ya kufundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Butembo, na nilikuwa sijazoea baridi wala milima. Kwetu ardhi imelala. Kitu kikianguka, kinaanguka palepale kilipo. Nilitazama lile jikoni la matofali, nikatazama korongo jekundu la mmomonyoko lililokuwa nyuma yake, likiwa na mdomo wazi kama mtu anayepiga miayo, nikauliza kwa adabu kama hakuna chumba kingine mtaani. Akacheka mpaka akashika ukuta, ule ule wa jikoni. Nikaona aibu, nikashusha godoro langu. Nilikaa kwake muda mrefu kuliko mahali pengine popote nilipokaa tangu niondoke kwa wazazi wangu.

Bailleur ndivyo wapangaji wa miji yetu wanavyomwita mwenye nyumba, awe mwanamume au mwanamke. Jina lake la ubatizo nalijua, na la Kinande nalijua pia, lakini sikuwahi kumwita kwa majina hayo na sitaanza leo. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba viazi vya kuuza tangu ujana wake, na alitembea na mwavuli mweusi ambao ubavu wake mmoja ulikuwa umevunjika. Mwavuli ule haukuwa wa mvua tu. Aliutumia kuonyeshea njia, kufukuzia mbuzi wa watu, na kugongea milango ya wapangaji waliochelewa kwenda misa.

Mvua ikianza, watu wengine huingia ndani. Yeye alitoka. Alivaa bote, yaani buti, za marehemu mume wake, akapandisha kikwembe mpaka magotini, akaenda kusimama karibu na korongo kama msimamizi aliyekwenda kuangalia vibarua. Tulimwona kupitia madirishani akiinama, akisikiliza, akitikisa kichwa. Alirudi akidondoka maji kutupa habari, mlango kwa mlango. Siku moja alisema, "Iko inakula." Siku nyingine, "Leo haina njaa." Habari ilikuwa hiyo tu, na mtu aliyetaka maelezo zaidi aliambiwa avae viatu aende kujionea mwenyewe.

Kila Jumamosi asubuhi alituita salongo, kazi ya pamoja. Wapangaji wote tulijaza udongo katika mifuko mitupu ya saruji, tukaishusha korongoni, tukapanda mianzi na majani ya kushika udongo. Alikuwepo mpangaji mmoja mwanajeshi, ajida kutoka Équateur, mtu mkubwa mwenye sauti ya kutisha. Juma la kwanza alisema yeye ni askari wa serikali, hawezi kubebeshwa mchanga na raia. Mama Bailleur hakubishana naye. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema, "Sawa, Ajida. Utakuwa unaipiga masasi ile erozio, ikikuja." Juma la pili nilimkuta ajida shimoni, jasho linamtoka, anatuambia kwa Lingala, "Mama oyo aza commandant," yaani mama huyu ni kamanda. Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika, na alipohamishiwa upande wa Eringeti aliaga korongo kabla ya kutuaga sisi.

Mama Bailleur alikuwa Mkatoliki wa kweli, lakini na Mungu pia alizungumza kwa utaratibu wake mwenyewe. Padri alipokuja kubariki nyumba, Mama alimkamata mkono mlangoni. "Hapana, mon père, anzia kule ku shimo. Nyumba haijanikosea kitu." Padri alikwenda, kanzu yake ikaingia matope, akanyunyizia korongo maji ya baraka. Mvua iliyofuata ilikula sehemu ya uzio. Tulipomtazama, Mama alisema padri hakunyunyizia vya kutosha, alikuwa anaogopa kuteleza.

Hapo nafika kwenye tabia yake iliyotuchekesha na kutuchosha kuliko zote. Mama yule hakukosea kamwe. Sisemi kwamba alijua yote. Nasema kwamba likitokea kosa, lilikuwa la kitu kingine. Akitia chumvi mara mbili katika maharagi, chumvi ya siku hizi ilikuwa kali. Akipoteza funguo zilizofungwa kiunoni mwake mwenyewe, kikwembe kilikuwa kimezificha. Mara moja alituchukua, mimi na wapangaji wengine wawili, kwenda kumzika mama wa mtu fulani wa soko. Tuliingia kanisani, tukakaa mbele, na katikati ya misa nikagundua kwamba katika jeneza yuko mzee mwanamume ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemfahamu. Nilimnong'oneza. Alikuwa amekwisha kuona. "Kaa chini," akanijibu bila kugeuka. "Huyu naye iko na haki ya kuliliwa." Alilia mpaka mwisho, machozi ya kweli, akawapa pole wafiwa wote, na njiani alisema kosa ni la kengele, zinalia namna moja parokia zote.

Na mtu huyo huyo, asiyejua funguo zake ziko wapi wala kama atapika bugali au ndizi mchana, alikuwa amepanga mpaka mwisho kila kitu kitakachofuata kifo chake. Aliuita "mupango ya nyuma yangu." Aliuzungumzia akichambua majani ya sombe, akiwa na furaha, kama mwanamke mwingine anavyozungumzia harusi ya binti yake. Nilimuuliza siku moja kwa nini kila mwaka analipaka chokaa jikoni ambalo anajua litaanguka. Aliniangalia kwa huruma. "Sasa wewe, Prof, juu iko siku utakufa, asubuhi hautanawa uso?"

Mpango wenyewe ulikuwa na sababu, na sababu hiyo aliisimulia mara chache, bila mzaha. Baba mkwe wake alikuwa amewagawia wanawe wawili shamba kule milimani. Mpaka ulikuwa mstari wa ile miti myembamba ya majani marefu, ambayo huku hupandwa mipakani kwa sababu haifi hata ukiikata. Haifi kwa panga, lakini maji yaliibeba. Mvua kubwa ilipita na udongo, ikapita na miti, na ndugu wawili wakabaki kila mmoja na mstari wake kichwani. Hawakupigana. Waliacha tu kusalimiana. Walipokea komunyo katika kanisa moja, kila mmoja upande wake, miaka na miaka. Mume wa Mama Bailleur alipokuwa anakufa, alimtazamia kaka yake mlangoni siku nzima, na kaka hakuja.

"Baba ya batoto alikufa akiangalia mulango," aliniambia. "Mimi batoto yangu hapana. Hapana juu ya matope."

Watoto wake walikuwa watatu, na wote niliwajua vizuri. Paluku, mkubwa, alikuwa Beni akinunua kakao ya Mabalako na kuiuza, mtu wa simu mbili na haraka. Masika alikuwa muuguzi hapa Butembo, mpole, mwenye kunyamaza akiumizwa. Kasereka, wa mwisho, alikuwa amebaki Kipese, kule juu kwenye baridi, akilima viazi na vitunguu kwenye kilima ambacho mama yao alikuwa amekinunua kidogo kidogo kwa jasho lake. Kilima hicho ndicho alichokigawa sehemu tatu. Sehemu ya Masika na ya Kasereka zilitengwa na kijito.

Kwanza alifikiria karatasi. Aliandikisha mpango mbele ya mashahidi, nakala tatu. Moja iliwekwa parokiani, kwa sababu kanisa ni la mawe. Moja ilikwenda Beni kwa Paluku. "Beni na Butembo mvua moja haiwezi kuzinyeshea pamoja," alisema. Ya tatu aliiviringisha, akaifunga kwa nailoni, akaitia ndani ya bidon ya mafuta yenye kifuniko kigumu, akaifunga bidon kwa kamba kwenye mti wa paa la chumba chake, mbali na jikoni. Moto ukija, atavuta kamba. Nyumba ikianguka, bidon itaelea. Alitufundisha wapangaji wote ile kamba iko wapi, na kwa muda mrefu watu waliomtembelea mara ya kwanza walionyeshwa choo, bomba na bidon.

Lakini karatasi hakuiamini sana. Alisema karatasi haina miguu. Kwa hiyo, kila mwaka, Jumamosi iliyofuata Noeli, watoto wote walipaswa kupanda Kipese kutembea mipaka. Na hapa ndipo akili ya mama yule ilipokuwa tofauti na ya wazazi wengine niliowajua. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuonyesha mpaka wake mwenyewe. Kasereka alionyesha mipaka ya Masika. Masika alionyesha ya Paluku. Paluku alionyesha ya Kasereka. Mwenye shamba alitembea nyuma, mdomo umefungwa.

"Ya kwako utaikumbuka hata ukilewa," aliwaambia. "Ya mwenzako njo utasahau. Donc ya mwenzako njo utasoma."

Mimi niliingizwa katika jambo hilo kama shahidi, mwaka wangu wa pili, baada ya kuulizwa kama nina ndugu huku wa kula naye Noeli. Tulipanda nyuma ya kamyoneti ya mboga, tukafika tumejaa vumbi, na ukungu wa Kipese ukatupokea. Mama alikwenda mbele na mwavuli. Anayeonyesha akikosea jiwe au kona, alirudishwa mpaka mwanzo, juu kabisa, na wote tukarudi naye. Kasereka ndiye aliyekuwa akirudishwa zaidi. Kulikuwa na jiwe moja jeusi kwenye ukingo wa kijito ambalo alilisahau kila mwaka, na kila mwaka tulipanda kilima upya kwa sababu yake, Paluku akilalamika nyuma.

"Mama, sisi ni bantu bakubwa. Mimi niko na batu bananingojea ku Beni."

"Beni itakungojea. Kasereka, rudia."

Nilianguka matopeni mwaka ule, na mwaka uliofuata pia. Mama alicheka mara zote mbili na akasema bantu ba Maniema miguu yetu imezoea mtumbwi. Halafu tulikula: maharagi, bugali, viazi vya Kasereka, na kasikisi kidogo kwa wenye kunywa. Kwa kweli zile Jumamosi zilikuwa sikukuu kuliko Noeli yenyewe. Nilizisubiri kama mtoto.

Masika, mwenye kufikiri kabla ya kusema, ndiye aliyetoa wazo la kuweka mawe ya saruji kando ya kijito, yaani borne. Mama alilikataa akicheka. Alikuwa na fahari na kile kijito, kamuto kama alivyokiita, kuliko na kitu kingine chochote katika mpango wake. Huku milimani watu wengi hugawa hivyo, kwa maji na kwa migongo ya vilima, na yeye aliona amewashinda baba mkwe wake na miti yake.

"Borne, mutu mubaya anaweza kuing'oa. Miti, maji inabeba. Mais kamuto? Nani atakahamisha kamuto?"

Mvua ndiyo iliyokihamisha. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, mchana, watu wakiwa mashambani, na kwa neema ya Mungu hakuna aliyekufa. Bega la kilima cha jirani lilivunjika, likashuka na mikaratusi yake ikiwa imesimama wima, likaziba kijito. Maji yalitafuta njia nyingine. Yalipopata, yalikata katikati ya sehemu ya Masika, yakachora mfereji mpya, yakaendelea na safari yao kama kwamba yamepita hapo tangu zamani. Udongo mzuri, ule mweusi wa chini, ukawa upande wa Kasereka.

Simu ya Kasereka ilipofika, Mama Bailleur alikuwa anaanika mahindi. Alisikiliza, akauliza kama watu ni wazima, akauliza mbuzi, halafu akauliza kijito. Nilimwona akikaa chini taratibu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa ameelewa kabla yetu. Parokia haikuguswa. Beni haikunyeshewa hata tone. Bidon ilikuwa palepale kwenye mti wake, kavu. Karatasi zote tatu zilikuwa salama kabisa, na zote tatu zilisema mpaka ni kijito.

Ndipo yakaanza maneno, na nilisikia mengi kwa sababu kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. Kipese, watu wa ukoo walisema maji ni ya Mungu, Mungu ameongezea Kasereka, nani atabishana? Mke wa Kasereka alikuwa amekwisha kuonyesha mahali pa kupanda vitunguu. Paluku alipiga simu kutoka Beni, na alipaza sauti mpaka mimi chumbani nikamsikia.

"Mama, papier ni papier. Kama tunaanza kubadirisha leo, kesho kila mutu atabadirisha. Wewe mwenyewe ulisema kamuto."

Masika naye, Jumapili mbili alipita nyuma ya nyumba akitoka misa na hakuingia. Mama alimwona kupitia dirishani, na mimi nilimwona akimwona. Mvua ilinyesha juma lile na hakutoka kwenda korongoni. Bote zilibaki mlangoni, na hilo lilitutia hofu kuliko maneno yote ya Paluku. Nilimpelekea chai, nikamwambia, kwa ujinga wangu wa mtu aliyesoma Kifaransa, kwamba labda karatasi iandikwe upya.

"Na nani ataonesha kamuto kalikuwa wapi?" aliniuliza. "Mimi? Paluku atasema napenda Masika. Masika mwenyewe? Batasema anajiongezea. Wewe, mutu ya Kindu?" Alikunywa chai. "Kamuto njo kamekosa," akasema, lakini mara hii hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Aliogopa, na mimi niliogopa pamoja naye. Nilikuwa nimewapenda watu wale. Nilifikiria mzee aliyekufa akitazama mlango, na nikajiuliza kama huyu mama naye, baada ya mifuko yote ya udongo na bidon na kamba, atatazama mlango wake.

Noeli ilifika. Jumamosi ilipofika, Mama alivaa bote bila kusema tunaenda au hatuendi, akachukua mwavuli, akasimama barabarani, na mimi nikasimama kando yake. Kamyoneti ya mboga ilitupandisha. Kule juu tulimkuta Paluku amekwisha kufika kutoka Beni, mikono mifukoni. Masika alikuja kwa pikipiki baadaye, akamsalimia mama yake, akaenda kusimama mbali. Kasereka alikuwa ametoka nyumbani kwake amevaa shati la kanisani, na sikujua nifikirie nini juu ya shati lile.

Walianza kama kawaida. Masika alionyesha mipaka ya Paluku, kwa sauti ndogo, bila kosa. Paluku alionyesha ya Kasereka kwa kuanzia juu, kwa haraka, na alipofika karibu na kijito alisema, "Na huku chini sasa, Kasereka mwenyewe atasema na Masika." Ikabaki zamu ya Kasereka.

Alitembea mbele yetu, akashuka nasi kupitia upande wa Masika mpaka kwenye maji mapya. Yalikuwa mengi, yana kelele, rangi ya chai ya maziwa. Akasimama. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni kwao, tulimwona. Mama Bailleur alikuwa nyuma yangu na nilisikia pumzi yake. Kasereka alitazama maji, akavua viatu vyake vya kanisani, akaingia, akavuka. Alipanda upande wa pili, akapita udongo ulioporomoka akijishika kwa mikono, akaingia kwenye vichaka mpaka tukaona kichwa tu. Tukamfuata wote tukiteleza. Pale palikuwa na bonde dogo kavu, limejaa kokoto na majani yaliyooza. Alitembea ndani yake kama mtu anayetembea nyumbani kwake gizani, akakunja kulia, akakunja kushoto, akainama, akafukua tope kwa vidole mpaka likatokea jiwe jeusi.

"Ni hapa," akasema. "Kamuto kalikuwa kanapita hapa. Ile jiwe njo hii. Ile Mama alikuwa ananirudishia juu yake kila mwaka." Alijipangusa mikono kwenye lile shati. "Ya Masika inaanzia hapa inaenda mpaka kule. Mimi najua ya Masika. Ya yangu njo sijui muzuri, muulize Paluku."

Halafu Paluku akaanza kucheka, mwanzoni kwa pua tu, akatoa mikono mifukoni, akashuka, akaweka mguu juu ya jiwe. "Mimi najua ya yako. Iko inaishia hapa hapa. Papier ikufe." Masika alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alisema maji yamehamia kwake, sawa, lakini Kasereka na mke wake watachota na kumwagilia kama zamani, na hilo nalo liandikwe.

Nilimtazama Mama Bailleur. Nilidhani atawakumbatia. Alikuwa ameufungua mwavuli, na hakukuwa na mvua, akauteremsha mpaka ukafunika uso. Kutoka chini ya mwavuli ilikuja sauti isiyo yake ya kawaida. "Endelea, Kasereka. Bado kona ya juu."

Karatasi ziliandikwa upya, na safari hii kando ya bonde kavu waliweka borne alizozitaka Masika, wakapanda na miti. Mama alisema borne zilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Tulimwachia. Mimi, niliporudi mjini, niliwapigia simu ndugu zangu Kindu, nikamwomba mmoja anieleze kiwanja cha mwenzake kinaishia wapi. Hakujua. Tunajifunza sasa.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa shule ya Beni. Jikoni lilianguka nikiwa huko. Lilianguka mchana, upande aliousema, na hakukuwa na mtu ndani. Masika alinipigia simu kunieleza kwamba Mama alikuwa amesimama uani na mwavuli akilitazama likienda, na kwamba alisema tu, "Niliwaambia." Alikuwa amelipaka chokaa mwezi mmoja kabla. Wakamhamishia kwa Masika, mahali tambarare, ambako alilalamika kwamba mvua haina kazi ya kuangalia.

Desemba iliyopita nilipanda naye Kipese tena. Nilimkuta amepungua. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na mwavuli sasa ulikuwa fimbo kuliko mwavuli. Alinitambua kwa sauti, akaniuliza kama miguu yangu imeacha mtumbwi. Nilimwambia bado. Akasema mwaka huu ataonyesha mipaka yeye mwenyewe, yote, kwa sababu watoto wanakwenda haraka siku hizi na wanaruka kona.

Tulimfuata. Alitembea polepole, mkono mmoja begani kwa Kasereka, akitaja mawe na miti, na karibu yote alipatia. Tulipoteremka upande wa Masika, aliisikia sauti ya maji. Alisimama kwenye kijito, kile kipya, akachomeka ncha ya mwavuli kwenye tope.

"Na mupaka ya Masika na Kasereka ni hapa."

"Hapana, Mama!"

Walisema wote watatu kwa pamoja, kwa nguvu, na mimi nadhani nilisema pamoja nao. Hakuna aliyewahi kusema neno hilo kwake. Mama aligeuza uso kulifuata neno lilikotoka, kwa mkubwa, kwa binti, kwa mdogo.

"Munasema mimi nilikosa?"

Paluku alitazama viatu vyake. Masika alinitazama mimi. Kasereka ndiye aliyejibu, akamshika mama yake mkono vizuri zaidi. "Ndiyo, Mama. Ulikosa. Hapa ni ndani ya Masika. Kuja, jiwe iko kule."

Akamvusha maji, wengine tukashika mkono wa pili na mgongo, tukampeleka mpaka kwenye bonde kavu, tukamwekea mwavuli wake juu ya jiwe jeusi. Aligonga mara kadhaa akisikiliza. Uso wake ukafunguka wote, meno machache yaliyobaki yakaonekana, na akacheka kama alivyocheka siku ile nilipoogopa jikoni lake.

"Basi nilikosa," akasema, akatushukuru kwa Kinande. "Wasingya kutsibu, batoto yangu. Nilikosa, na wote mumeniambia, hata yule yenye angefaidika." Alivuta pumzi. "Sasa mulima itembee kama inataka. Mimi nitalala."

Tulimsubiri aseme zaidi. Aliuliza kama maharagi yameiva.